Paka Mzee Anapolia Usiku Kwihara

Kilio cha paka saa nane usiku kina tafsiri nyingi Kwihara, na ugonjwa huwa wa mwisho kufikiriwa. Wapo watakaosema ni madume wanagombea jike. Wapo watakaonyamaza, wajifunike shuka gubigubi, na kukicha waulize kwa sauti ya chini: lile paka lilikuwa linalilia nyumba ya nani? Bundi akitua juu ya paa huulizwa hivyohivyo. Swali linalosikika kwa nadra ni lile ambalo daktari wa mifugo angelianza nalo: huyo paka ana umri gani?

Naandika kulitetea swali hilo. Paka anayelishwa, ambaye hajagongwa na bodaboda wala kula panya aliyekufa kwa sumu, anaweza kufika miaka 15 na kuipita. Akifika huko tabia yake hubadilika, na mara nyingi badiliko linalosikika kuliko yote ni sauti. Tukimsikiliza vibaya tunamwacha mgonjwa bila msaada. Na katika mkoa kama huu wetu, sikio baya linaweza kumdhuru pia bibi anayemfuga.

Wageni wengi wanaijua Kwihara kwa sababu ya tembe moja. Liko kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, upande wa kusini-magharibi, na leo ni makumbusho. Henry Morton Stanley aliishi humo mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta David Livingstone. Wawili hao walifika hapo pamoja wakitokea Ujiji Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi, Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Lakini Unyanyembe, eneo la kale ambamo Kwihara imo, haikuwafungulia milango wao peke yao. Ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji: hapa wapagazi walipumzika au kubadilishwa, hapa vitambaa, shanga na waya vilihifadhiwa, hapa nafaka ya safari iliyobaki ilinunuliwa. Palipo na ghala pana panya, na palipo na panya paka habishi hodi.

Ndugu zake wa porini wako hapahapa. Kimburu, yule paka pori mwenye miguu mirefu na mkia wa pete nyeusi, bado anawinda katika miombo ya magharibi. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Carlos Driscoll walionyesha kwa vinasaba kwamba paka wote wa nyumbani duniani wanatokana na jamii hii, kupitia wale wa Mashariki ya Kati waliosogelea maghala ya wakulima wa kwanza. Kimburu hawezi kutufundisha mengi kuhusu uzee, kwa sababu porini ni nadra kuzeeka. Meno yakishaisha, habari yake imekwisha. Uzee mrefu wa paka ni jambo la nyumbani. Umetokana na bakuli letu, paa letu na kuta zetu.

Kuna jambo jingine ambalo kimburu anatuonyesha, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Paka wazima hawaitani sana kwa ule mlio wa “nyau”. Kitoto humlilia mama yake hivyo, kisha akikua huuacha mlio huo mbele ya paka wenzake na kuuendeleza mbele ya binadamu. Mtafiti wa Marekani, Nicholas Nicastro, aliwarekodi paka pori katika bustani ya wanyama ya Pretoria, Afrika Kusini, akazilinganisha sauti zao na za paka wa nyumbani. Watu aliowasikilizisha waliona sauti za wa nyumbani zinapendeza zaidi masikioni. Maelfu ya miaka ya kuishi nasi yamempa paka sauti ya kuzungumzia nasi. Kwa hiyo paka mzee anaposimama katikati ya ukumbi gizani na kupaza sauti, mara nyingi anamwita mtu. Anakuita wewe.

Kabla ya kuulaumu uzee, yapo mambo mawili ya kuondoa njiani.

La kwanza ni joto. Paka jike hana ukomo wa hedhi kama mwanamke; wa miaka 13 ambaye hajafungwa kizazi bado anaweza kuita madume. Katika nchi za baridi kali, siku zikiwa fupi majike hutulia kwa miezi kadhaa. Tabora iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, na paka wetu wanaweza kuingia kwenye joto mwaka mzima. Anayeita kwa sababu hiyo hujigaragaza sakafuni, huinua nyuma akiguswa mgongoni, huendelea kwa siku kadhaa kisha akanyamaza, na baada ya wiki mbili tatu akaanza tena. Dume asiyehasiwa naye hulia akisikia harufu ya jike. Haya yote yana dawa moja, kuhasi na kufunga kizazi, na ni kazi ya daktari wa mifugo. Wembe wa jirani hauhusiki.

La pili ni zito, na msomaji wa Tanzania hana haki ya kulipita haraka. Paka aliyebadilika tabia ghafla na kubadilika sauti anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Jina la ugonjwa limetudanganya kwamba ni wa mbwa tu. Ni kweli kwamba karibu binadamu wote wanaoambukizwa huupata kwa mbwa, lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa, au na mnyama wa porini, huupata na kuupeleka mbele. Kipimo cha nyumbani ni kasi. Uzee hubadilisha paka kwa miezi na miaka. Kichaa humbadilisha kwa siku. Aliyekuwa mpole anarukia watu, au aliyekuwa mkali anajilegeza kwa ajabu. Sauti inakwaruza, mate yanamtoka, anashindwa kumeza, miguu ya nyuma inalegea, na kwa kawaida anakufa ndani ya siku chache. Huyo hashikwi, hata kwa huruma. Afungiwe kama inawezekana bila kumgusa, na afisa mifugo aitwe.

Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Ukiwa Kwihara, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete iko mjini. Nauli ya bodaboda isiwe sababu ya kungoja kesho. Utafiti wa mwaka 2015 ulioongozwa na Katie Hampson, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi Tanzania, ulikadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni kama hakuna. Chanjo ya paka ni ileile wanayopewa mbwa, na siku ya uchanjaji kijijini paka anaweza kwenda akiwa ndani ya kikapu.

Baada ya hayo mawili, tumtazame mzee wetu.

Madaktari wa mifugo huanza kumwita paka mzee anapopita miaka 10. Wa miaka 10 analingana na mtu wa miaka 56 hivi, wa 15 na mtu wa miaka 76, na wa 20 amekaribia mia. Danielle Gunn-Moore wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake wameandika kwamba karibu asilimia 28 ya paka wa miaka 11 hadi 14 huonyesha angalau badiliko moja la tabia linalohusiana na uzee. Wakipita miaka 15, idadi inazidi nusu. Na mabadiliko yenyewe si ya aina moja. Katika lile kundi la kwanza, kinachojitokeza zaidi ni namna paka anavyohusiana na watu wake: ama anang’ang’ania mapajani kuliko zamani, ama anajitenga. Katika kundi la pili, kinachoongoza ni kulia sana na kutangatanga bila shabaha.

Daktari makini hasemi “ni uzee” mpaka amalize kuukagua mwili. Wengi wetu tunaanzia pale anapoishia yeye.

Aanze na shingo. Huko ndiko iliko tezi ya thairoidi, ambayo kwa binadamu ikivimba tunaiita rovu. Kwa paka mzee tezi hiyo mara nyingi huota uvimbe mdogo usio saratani, kisha ikamwaga homoni kupita kiasi. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1979 na Mark Peterson na wenzake huko New York, na leo ni miongoni mwa maradhi ya kawaida kabisa ya paka wazee. Moyo unakwenda mbio. Mgonjwa hatulii, anatapika mara kwa mara, analia usiku, anadai chakula. Hapa ndipo wenye paka hudanganyika, kwa sababu anakula vizuri sana. Mama wa nyumba anafurahi kwamba mzee bado ana hamu ya dagaa, huku mbavu zinahesabika. Anayekula zaidi na kukonda zaidi ni mgonjwa. Dalili hiyo haihitaji mashine kuiona. Dawa zipo, zile methimazoli na kabimazoli wanazopewa watu, ila vipimo vya paka ni vingine kabisa.

Kisha damu. Presha ipo kwa paka pia, na mara nyingi inafuatana na tezi hiyo au na figo. Inapanda kimyakimya mpaka siku moja inabandua pazia la ndani ya jicho, na paka aliyelala anaona anaamka kipofu. Mboni zinabaki wazi na kubwa hata akiwa juani. Anagonga miguu ya meza, anasimama mlangoni asijue pa kupita, na anaita. Watu waliomwona jana akiruka dirishani wanaingiwa na hofu: kimemwingia nini? Kimemwingia kile kilichompata mjomba aliyeanguka kwa presha mwaka jana. Amlodipini, dawa ambayo wazee wengi wa Tabora wanaijua kwa jina, ndiyo pia madaktari wa mifugo huitumia kwa paka, kwa kiasi kidogo sana wanachokipima wenyewe. Akiwahiwa ndani ya siku chache, baadhi ya nuru huweza kurudi.

Figo ndizo zinazowamaliza wengi. Inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 30 na 40 ya paka waliopita miaka 10 wana figo zinazofifia. Dalili ni kiu: paka aliyekuwa hagusi maji sasa analamba mtungi, ndoo, hata maji ya kuoshea vyombo, na anakojoa mno. Usiku analia kwa sababu bakuli ni tupu. Ni jambo dogo lenye jibu dogo, na linaumiza kufikiri ni paka wangapi wametupwa kwa sababu ya bakuli tupu.

Meno yaliyooza humfanya asogelee chakula kwa pupa, anuse, alie, arudi nyuma. Masikio yakififia anapaza sauti kwa sababu hajisikii mwenyewe; ndiyo maana kilio cha paka kiziwi ni kikubwa na cha kukwaruza, kama cha mtoto mchanga, na ndicho kinachotisha zaidi kijijini. Na viungo! Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitazama picha za eksirei za paka 100 waliopita miaka 12, wakakuta 90 wana kuharibika kwa viungo. Paka haonyeshi kuchechemea kama mbwa. Anaacha kuruka, anaacha kujisafisha mgongo, manyoya yanashikana, anamng’ata mtoto anayembeba kwa kiuno, na anajisaidia karibu na mlango kwa sababu kizingiti kimekuwa mlima. Tunasema amekuwa mchafu na mkali. Anaumwa.

Yote hayo yakishaondolewa, ndipo unabaki ubongo. Paka wazee hupata ugonjwa unaofanana sana na ule wa kusahau unaowapata binadamu. Ndani ya ubongo wao hujikusanya protini ya amiloidi, ileile inayoonekana katika ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2025 kikundi cha Edinburgh kilichoongozwa na Robert McGeachan kilichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa paka 25 waliokwisha kufa: kwenye viunganishi vya seli za neva kulikuwa na protini hiyo, na seli zinazofanya usafi wa ubongo zilionekana zikivimeza viunganishi vyenyewe. Vikipotea hivyo, njia za kumbukumbu zinapotea. Paka anakula, anaondoka, anarudi kudai chakula. Anautazama ukuta wa kona kwa muda mrefu. Analala mchana kutwa na usiku anazunguka, kisha anasimama mahali anapopajua tangu utotoni, hapatambui, analia. Ukimwita jina mara nyingi ananyamaza, kwa sababu alikuwa anatafuta dalili kwamba yupo mtu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kila mstari wake unaweza kuwa habari ya binadamu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ukionyesha kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Hao ni mabibi na mababu wanaosahau njia ya kisimani, wanaoamka usiku na kutoka nje, wanaokutwa alfajiri uani kwa watu wakiwa nusu uchi na hawajui wamefikaje. Magazeti yetu yamewahi kuwaandika watu wa namna hiyo kwamba wameanguka na ungo. Kanda ya ziwa na magharibi, Tabora ikiwemo, imekuwa na mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi kwa miongo mingi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeyaorodhesha mwaka baada ya mwaka. Sheria ya Uchawi tuliyo nayo asili yake ni ya mwaka 1928, na haijawalinda. Macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini, yamewahi kutosha kuwa ushahidi. Na paka ndani ya nyumba ya mjane anayeishi peke yake huongezwa kwenye mashtaka.

Hilo la paka si dogo. Bibi mwenye miaka 78 na paka mwenye miaka 15 wamezeeka pamoja. Wote wawili hulala kidogo usiku. Wote wawili huongea wakati wengine wamelala. Mmoja akilia na mwingine akijibu, anayepita njiani na tochi anasikia mazungumzo, na kesho yake mazungumzo hayo yana washiriki wasioonekana. Mimi siandiki kuwabeza watu wanaoogopa. Hofu ya usiku ni ya kweli, na waliolelewa nayo hawakuichagua. Ninachosema ni kwamba kila kilichosikika kina sababu inayoweza kuguswa kwa mkono: tezi, jicho, figo, jino, goti, ubongo. Anayezijua sababu hizo ana uwezo wa kumtetea bibi huyo kwa maneno yenye uzito.

Wazee wetu hawakukosa mafundisho. Tabora ni mji wa misikiti mingi, na waliopita madrasa wanajua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumpa chakula wala kumwachia ajitafutie, na ile inayosema paka si najisi bali ni katika wale wanaozunguka ndani ya nyumba zetu. Bunge nalo lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Bado mtu anamtia paka mzee kwenye kiroba, anamfunga nyuma ya baiskeli na kwenda kumwaga karibu na soko, akiamini atajitegemea. Aliye kipofu na mwenye figo mbovu hajitegemei. Anakufa kwa kiu, au mbwa wanamwahi.

Sasa niseme ya kufanya, nikianza na yanayoua. Usimpe paka parasetamoli, ile ambayo wengi tunaiita Panadol, hata nusu, hata robo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama ini la mtu. Damu yake hugeuka ikashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za rangi ya udongo, uso unavimba, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu anayetoa kidonge hicho ni mtu anayempenda paka wake. Diklofenaki nayo hapana. Dawa ya kuogeshea ng’ombe, na ile ya viroboto iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, nyingi zina viuatilifu vya jamii ya pemethrini ambavyo paka hawezi kuvihimili. Anatetemeka, anakakamaa, anakufa. Katika mkoa wa wafugaji dawa hiyo iko karibu kila ua, na kishawishi ni kikubwa.

Yanayosaidia ni ya bei ndogo. Kwa paka anayepotea ndani ya giza, acha taa ndogo ya sola ikiwaka ukumbini usiku kucha. Usihamishe kabati wala kitanda bila sababu, kwa kuwa ameikariri ramani ya nyumba kwa ndevu na miguu. Weka maji sehemu mbili tatu, kwenye vyombo vipana. Chakula kigawe kidogokidogo, na sehemu ya mwisho aipate mnapokwenda kulala. Dagaa wa Kigoma walowekwe mpaka walainike, wasiwe na chumvi wala pilipili, na ugali mkavu peke yake si mlo wa paka, kwani mwili wake umeumbwa kwa nyama. Atengewe beseni la mchanga lenye ukingo mfupi, ndani, karibu na anapolala. Kitambaa cha zamani chenye harufu ya mtu wake kimtulize. Akilia, mwite kwa jina kwa sauti ya kawaida; akiwa kiziwi gonga sakafu taratibu kabla ya kumgusa ili asishtuke. Kumpiga kunaongeza hofu, na hofu inaongeza kilio.

Baada ya hapo anahitaji mtaalamu, nami najua ugumu wa hilo. Wataalamu wengi wa mifugo katika kanda yetu wamezoea ng’ombe, na ni haki yao, kwa kuwa ng’ombe ndiye ada ya shule na mahari. Lakini figo ni figo. Afisa mifugo wa kata anaweza kusikiliza moyo, kutazama meno, kupapasa shingo, na kukuelekeza kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa mjini. Msaidie afanye kazi yake. Mrekodi paka kwa simu dakika moja usiku anapolia, kisha umwonyeshe, maana mchana atakuwa amelala kama hana neno. Mpime uzito kila mwezi kwenye mizani ya dukani, akiwa ndani ya mfuko wa sokoni, uandike. Paka wa kilo 4 akipoteza nusu kilo amepoteza sehemu ya 8 ya mwili wake, na macho yanayomwona kila siku hayawezi kugundua. Andika pia tangu lini, saa ngapi, baada ya nini, na kama anakunywa kuliko zamani. Kwa karatasi hiyo daktari anaanza na nusu ya jibu.

Itafika siku ambayo maumivu yatazidi dawa. Daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa sindano, bila mateso, akiwa mikononi mwa mtu anayemjua. Kuna wanaoona hilo ni dhambi na wanaoona ni rehema, na kila nyumba ina imani yake. Ila kiroba na fimbo visiingie kwenye hesabu.

Na kama mwenye paka ni bibi anayekaa peke yake, kazi ya kwanza ni ya mjukuu, nayo haigharimu kitu. Apite kwa majirani mchana, kabla usiku haujaleta maneno yake. Amwamkie mzee wa nyumba ya pili, “Shikamoo babu,” akishaitikiwa marahaba amwambie wazi: paka wa bibi ana miaka 15, macho hayaoni, masikio hayasikii, anatumia dawa, akilia usiku msishtuke. Amwambie mama wa nyumba ya tatu, na vijana wanaorudi usiku kutoka mjini, na mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye tuhuma hufika mezani kwake kwanza. Awaambie na kwamba bibi mwenyewe naye siku hizi anasahau, akionekana nje saa mbaya arudishwe nyumbani kwa upole na yeye apigiwe simu, kisha awaachie namba.